Mkongwe anayekaba: auzwe, abaki au anunuliwe?

Mwishoni mwa Septemba 2023, Portland Trail Blazers, timu ya ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani (NBA), walimpokea Jrue Holiday kutoka Milwaukee Bucks katika dili lililompeleka Damian Lillard upande wa pili. Hakuwachezea hata dakika moja. Tarehe 1 Oktoba tayari alikuwa mali ya Boston Celtics, na Portland wakabaki na Malcolm Brogdon, Robert Williams III na machaguo mawili ya raundi ya kwanza ya drafti, zamu za kuteua chipukizi. Msimu ulipokwisha Boston walikuwa mabingwa wa NBA, na Portland walikuwa wameshinda michezo 21 na kupoteza 61. Kabla miaka miwili haijatimia, katikati ya 2025, Portland walewale wakamrudisha Holiday. Safari hii alikuwa na umri wa miaka 35, amebakiza miaka mitatu ya mkataba wenye zaidi ya dola milioni 104, na aliyetolewa ili apatikane ni Anfernee Simons, mfungaji wa miaka 26.

Ukiyatazama maamuzi hayo mawili harakaharaka utasema moja lazima liwe la kijinga. Mimi naona yote mawili yanasimama, na ukielewa kwa nini, umeelewa sehemu kubwa ya mantiki ya timu inayojijenga upya. Ulinzi uliothibitishwa, wa mtu mzima mwenye medali na tuzo, ni ghali sokoni. Ulinzi wa kijana ambaye bado hajathibitika ni wa bei ya kutupa. Timu inayojenga inatakiwa iuze ule wa kwanza na ikusanye huu wa pili, halafu ijue siku ya kugeuza biashara. Wengi wanashindwa kwenye hilo la mwisho.

Sarafu ya soko hili

Aliyezoea usajili wa soka anahitaji kwanza kusahau ada ya uhamisho. NBA haina ada. Timu inatoa mchezaji na kupokea mchezaji, mishahara ya pande mbili inatakiwa ikaribiane kwa mujibu wa kanuni, na tofauti ya thamani hufidiwa kwa machaguo ya drafti, yaani zamu za kuteua chipukizi katika miaka ijayo. Zamu ya timu dhaifu ni tamu kuliko ya timu imara, kwa sababu timu 14 zilizokosa mtoano huingia kwenye bahati nasibu inayoamua nani achague mwanzo. Kwa hiyo mnunuzi mjanja huweka kinga: zamu ni yako, ila ikiangukia, tuseme, ndani ya sita za kwanza, inabaki kwangu hadi mwaka mwingine.

Halafu kuna haki ya kubadilishana zamu. Mwaka ukifika, muuzaji anatazama zamu yake na ya mnunuzi, anachukua iliyo bora. Haki hii imekuwa maarufu kwa sababu ya kanuni ya Stepien, iliyotokana na Ted Stepien, mmiliki wa Cleveland Cavaliers mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliyegawa machaguo ya timu yake mpaka ligi ikalazimika kumzuia. Kanuni inasema timu isijiache bila chaguo la raundi ya kwanza kwa miaka miwili ijayo inayofuatana. Ndiyo maana Minnesota Timberwolves walipomnunua Rudy Gobert kutoka Utah Jazz mwaka 2022, machaguo waliyotoa yalikuwa ya 2023, 2025, 2027 na 2029, na katikati, mwaka 2026, wakaweka haki ya kubadilishana. Mwaka mmoja unauzwa, unaofuata unarukwa au unakopeshwa.

Mfano ambao kila meneja anauota ni wa Boston mwaka 2013. Waliwatoa Kevin Garnett na Paul Pierce, wote wamepita kilele chao, kwenda Brooklyn Nets. Kilichorudi kilikuwa machaguo ya 2014, 2016 na 2018 pamoja na haki ya kubadilishana zamu ya 2017. La 2016 likawa Jaylen Brown. La 2017 likaangukia namba moja, Boston wakashuka hadi namba tatu kwa makubaliano na Philadelphia, wakamchukua Jayson Tatum. Hao wawili ndio waliokuwa mhimili wa ubingwa wa 2024.

Bei mbili za mtu mmoja

Tuseme timu yako inafungwa kwa wastani wa pointi 9 kila mchezo. Unamweka mkabaji hodari wa pembeni, yule anayekaba mbali na ringi, kipigo kinashuka hadi pointi 7. Amefanya kazi nzuri, na bado umefungwa. Mchukue mtu huyohuyo umpeleke kwenye timu inayoshinda kwa pointi 4. Sasa zile pointi 2 alizookoa zinaongeza ushindi kadhaa katika michezo 82, na wakati wa mtoano, ambapo kila kocha anatafuta mpinzani dhaifu wa kumshambulia mara kumi mfululizo, zinaweza kuamua msimu mzima.

Tarehe 17 Julai 2021, mchezo wa tano wa fainali, Milwaukee walikuwa mbele kwa 120 kwa 119 dhidi ya Phoenix Suns na sekunde zilizobaki hazikufika 20. Devin Booker, aliyekuwa ameshawafungia Suns pointi 40, aliingia na mpira hadi karibu na ringi, akakuta miili mbele yake, akageuka kutafuta njia. Holiday alikuwa amebaki nyuma ya bega lake. Hakupiga mkono wala kusukuma. Aliingiza mikono kwenye mpira na kuung'oa, kisha badala ya kupoza mchezo akakimbia mbele na kumrushia Giannis Antetokounmpo juu ya ringi. Milwaukee walishinda 123 kwa 119, na mchezo uliofuata wakachukua ubingwa.

Miezi minane kabla, Milwaukee walikuwa wamelipa Eric Bledsoe, George Hill, machaguo matatu ya raundi ya kwanza na haki mbili za kubadilishana zamu ili kumpata. Muuzaji alikuwa New Orleans Pelicans, ambao msimu wa mwisho wakiwa naye walishinda 30 na kupoteza 42. Mikono ileile, akili ileile, ila New Orleans hawakuwa na fainali ya kuitumia. Tofauti kati ya alivyowafaa wao na alivyowafaa Milwaukee ndiyo iliyofanya dili liwezekane. Muuzaji anaachia kitu ambacho kwake kina faida ndogo, mnunuzi analipa kana kwamba ni cha mwisho duniani, na wote wawili wanaweza kuwa na haki.

Lakini si kila mauzo ya mkabaji ni ya busara, na Holiday huyuhuyu ni ushahidi. Mwaka 2013 Philadelphia 76ers walimuuza New Orleans kwa Nerlens Noel na chaguo la mwaka uliofuata. Walikuwa wanaanza mpango wa kupoteza kwa makusudi uliowafikisha kwenye ushindi 10 na vipigo 72 msimu wa 2015-16. Holiday alikuwa na miaka 23, ametoka kuitwa kwenye mchezo wa nyota wa ligi. Baadaye alitajwa mara sita katika vikosi bora vya ulinzi vya NBA, mara zote akiwa na jezi za watu wengine, huku Joel Embiid, aliyeteuliwa na Philadelphia mwaka 2014, akikua bila yeye. Noel aliondoka 2017. Kwangu mimi hili ndilo dili baya kuliko yote aliyopitia, kwa sababu Philadelphia walimuuza kijana kwa hoja za kumuuza mzee.

Kupima kitu kisichoandikwa

Ugumu wa pili ni kujua nani anakaba kweli. Mfungaji huacha alama kwenye karatasi, pointi na asilimia. Mkabaji kazi yake kubwa ni mambo ambayo hayakutokea: pasi ambayo haikupigwa, mtupo ambao mpinzani aliukataa, mtu aliyezungushwa mpaka saa ya shambulizi ikaisha.

Takwimu za kupora mpira na kuzima mitupo ndizo zinazoonekana, na ndizo zinazodanganya. Katika timu mbovu, mchezaji anaweza kujirusha kwenye kila pasi kwa sababu akikosa hakuna wa kumlaumu. Anamaliza msimu na idadi nzuri ya mipira aliyopora, huku nyuma yake wenzake wamekuwa wanne dhidi ya watano msimu mzima. Hesabu ya pointi ambazo timu inaruhusu katika kila mashambulizi 100 mtu fulani akiwa uwanjani ni bora zaidi, ila nayo ina mitego. Wapinzani wakiwa na bahati ya mitupo ya pointi tatu kwa miezi miwili, mkabaji anaonekana shimo. Akicheza kila siku na senta mzuri, yule mrefu anayelinda ringi, nyuma yake, anaonekana mwamba. Kwa hiyo wanaojua kazi hii hutazama misimu kadhaa kwa pamoja, hutazama alipangiwa kumkaba nani, na mwishowe hukaa mbele ya video, wakitafuta vitu vidogo: anazungumza na wenzake au kimya? Akiwekewa mwili njiani na mpinzani, anapita juu, anapita chini, au anasimama na kuangalia? Akipitwa, anaendelea kufuata au anakata tamaa?

Hapa kuna jambo ambalo mashabiki hulisahau wakati wa kutathmini wakongwe wa timu inayofungwa. Ulinzi ni mnyororo wa watu watano. Mkongwe anamsukuma mpinzani upande ambao msaada unatakiwa kuwepo, na kijana wa miaka 19 aliyetakiwa kufika amechelewa kwa hatua mbili. Pointi zinaandikwa juu ya mkongwe. Kwa jicho la kawaida ameisha. Kwa jicho la mnunuzi aliyekaa na video, bado yupo. Wanunuzi wenye macho hayo hupata punguzo.

Nafasi ya mchezaji nayo inabadilisha kila kitu. Senta anayelinda ringi anaweza kuiinua timu nzima peke yake, kwa sababu makosa yote ya mbele yanaishia kwake. Gobert amechukua tuzo ya Mlinzi Bora wa Mwaka mara nne, ya mwisho mwaka 2024 akiwa Minnesota, msimu ambao timu hiyo ilikuwa na ulinzi bora kuliko wote katika ligi na kufika fainali ya Kanda ya Magharibi. Mkabaji wa pembeni hana nguvu hiyo. Anamzima mtu mmoja. Wengine wanne wanaendelea. Kwa timu inayojenga maana yake ni kwamba senta mkongwe mwenye ubora huo atakushindia michezo mingi kiasi cha kukuacha katikati, pabaya kuliko pote: mtoano hupati, na zamu nzuri ya drafti pia hupati. Mkabaji wa pembeni unaweza kuishi naye kwa muda bila kukuharibia hesabu.

Utah walilijua hilo, na bado halikwenda kama walivyotaka. Baada ya kumuuza Gobert na Donovan Mitchell kiangazi kimoja, walianza msimu wa 2022-23 kwa kushinda 10 na kupoteza 3. Mwisho wakashinda 37 na kupoteza 45, wakachagua namba 9. Sababu mojawapo ni kwamba ndani ya dili la Gobert alikuwepo senta chipukizi, Walker Kessler, aliyeteuliwa namba 22 wiki chache kabla, na kijana akaanza kuzima mitupo tangu siku za mwanzo.

Kijana aliyewekwa mwishoni mwa orodha

Dili likitangazwa, vichwa vya habari huhesabu machaguo: manne, matano. Mimi huangalia jina la mwisho kwenye orodha. Mara kwa mara ni la kijana anayekaba ila hafungi, na timu inayomtoa haimwonei uchungu kwa sababu inataka kushinda sasa na haina muda wa kumfundisha kutupa.

Toumani Camara alikuwa chaguo namba 52 mwaka 2023. Aliingia Portland kutoka Phoenix kama nyongeza tu katika lile dili la Lillard. Mwaka 2025 alitajwa kwenye kikosi cha pili cha ulinzi bora wa ligi. Dyson Daniels aliteuliwa namba 8 mwaka 2022, akakaa New Orleans misimu miwili bila kufikisha wastani wa pointi 6, kisha akapelekwa Atlanta Hawks mwaka 2024 katika dili la Dejounte Murray. Msimu wake wa kwanza kule alipora mipira 229, akaongoza ligi, akaingia kikosi cha kwanza cha ulinzi na kuchukua tuzo ya mchezaji aliyeimarika zaidi. Luguentz Dort, mkabaji wa Oklahoma City Thunder, hakuchaguliwa na timu yoyote katika drafti ya 2019.

Soko linawapunja vijana wa aina hii kwa sababu linaamini kutupa ni kipaji na kukaba ni juhudi, na kwamba juhudi unaweza kumdai yeyote. Si kweli. Kusoma mchezo, kusogea kabla ya pasi, kuweka nyonga chini kwa dakika 35, hivyo navyo ni vipaji. Mtupo wa kona, kwa upande mwingine, umefundishwa kwa wengi. Timu inayojenga ina kitu ambacho timu ya ubingwa haina, nacho ni dakika za bure za kumwacha kijana akosee. Hivyo kama ningekuwa mezani nikimuuza mkongwe, ningekubali kuacha chaguo moja la mbali lenye kinga nene ili nipate mkabaji wa miaka 21 ambaye wenzangu wamemchoka.

Siku ya kugeuza biashara

Inakuja siku ambayo vijana wako wanafunga vya kutosha na kinachowaangusha ni ulinzi. Hapo hesabu ya bei mbili inageuka: pointi 2 za mkongwe zinaanza kukushindia michezo, na wewe ndiwe mnunuzi.

Houston Rockets walishinda michezo 17, kisha 20, kisha 22 katika misimu mitatu mfululizo. Vipaji vilikuwepo, ulinzi ulikuwa karibu na mkia wa ligi. Mwaka 2023 wakamwajiri kocha Ime Udoka na kuwasajili Fred VanVleet na Dillon Brooks, kwa pesa ambazo wengi, mimi nikiwemo, tuliziona nyingi mno. Msimu uliofuata walishinda 41, ulinzi wao ukaingia kumi bora; uliofuata tena walishinda 52. Amen Thompson, waliyemteua namba 4 mwaka uleule wa 2023, alikua akijifunza kukaba kati ya watu wanaokaba, na mwaka 2025 alikuwa kwenye kikosi cha kwanza cha ulinzi. Mkataba wa Brooks nao haukupotea bure. Katikati ya 2025 mshahara wake ulitumika pamoja na Jalen Green kumleta Kevin Durant. Mkongwe anayelipwa vizuri ni mlinzi leo na kesho ni uzito wa kusawazisha mizani ya dili kubwa zaidi.

Oklahoma City walifanya hivyo kwa hatua ndogo zaidi. Walikuwa wamejenga kwa kumuuza Paul George kwa Los Angeles Clippers mwaka 2019, wakapata Shai Gilgeous-Alexander, Danilo Gallinari, machaguo matano ya raundi ya kwanza na haki mbili za kubadilishana. Moja ya machaguo hayo likawa Jalen Williams. Walipofika ushindi 57 mwaka 2024, wakamtoa Josh Giddey, kijana wa miaka 21, na kumchukua Alex Caruso wa miaka 30 kutoka Chicago Bulls, mtu kwa mtu. Mei 2025, mchezo wa saba dhidi ya Denver Nuggets, Caruso, mkabaji wa pembeni, alipangiwa kumkaba Nikola Jokić, senta anayemzidi kimo kwa takribani sentimita 15. Hakujaribu kumzidi nguvu kwa nyuma. Alisimama mbele yake, kati ya Jokić na mpira, akimnyima pasi yenyewe, akijua kuna mrefu nyuma wa kufunika ikipita juu. Oklahoma City walishinda 125 kwa 93, na mwezi uliofuata wakawa mabingwa.

Sasa Portland wa 2025 wanaeleweka. Nusu ya kwanza ya msimu wa 2024-25 walishinda 13 na kupoteza 28. Nusu ya pili walishinda 23 na kupoteza 18, wakiwa na ulinzi wa kiwango cha juu ulioongozwa na Camara na Deni Avdija. Huyo Avdija alipatikana kwa kutoa, miongoni mwa vitu vingine, Brogdon na moja ya machaguo mawili waliyolipwa na Boston kwa ajili ya Holiday. Timu ilikuwa imepata sura, na sura hiyo ilikuwa ya kukaba; Simons, mfungaji mzuri asiyekaba, alikuwa nje ya picha. Boston kwa upande wao walikuwa wanakimbia mstari wa pili wa adhabu ya mishahara, ambao kwa 2025-26 ulikuwa dola milioni 207.8. Timu iliyouvuka hairuhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja mkubwa. Muuzaji mwenye haraka hawezi kudai machaguo. Wasiwasi wangu ni miaka mitatu ya mkataba. Miguu ya mkabaji wa pembeni ikianza kuchelewa huchelewa kwa kishindo, na mwaka wa tatu atakuwa na 37.

Wanaosubiri mno

Hakuna hasara ya kimyakimya kama ya timu isiyoamua. Detroit Pistons walikuwa na Bojan Bogdanović, aliyewafungia wastani wa zaidi ya pointi 21 msimu wa 2022-23 ambao walishinda michezo 17 tu. Dirisha la Februari 2023 likafungwa akiwa bado wao. Mwaka mmoja baadaye, akikaribia miaka 35, walimpeleka New York Knicks pamoja na Alec Burks, wakaambulia Quentin Grimes, mikataba ya kujazia na machaguo mawili ya raundi ya pili. Hata moja la raundi ya kwanza halikuwemo.

Toronto Raptors walikuwa na kosa la aina nyingine. Februari 2023 walikuwa na VanVleet na OG Anunoby, wakabaji wawili waliotakiwa na nusu ya ligi. Badala ya kuuza, walinunua: senta Jakob Poeltl, kwa chaguo la 2024 lenye kinga ya nafasi sita za kwanza. VanVleet mkataba ukaisha, akaenda Houston, Toronto hawakupata chochote. Anunoby akauzwa Desemba 2023. Wakamaliza na ushindi 25 na vipigo 57, nafasi ya sita kutoka chini, wakitumaini kinga itawasaidia. Bahati nasibu ikawasukuma hadi namba 8, na chaguo likaenda San Antonio Spurs. Kinga hulinda nafasi unayoichomoa siku ya bahati nasibu; msimamo wa ligi hauihusu.

Na thamani ya mlinzi huporomoka haraka kuliko ya mfungaji. Marcus Smart alikuwa Mlinzi Bora wa Mwaka 2022. Mwaka 2023 alihamia Memphis Grizzlies katika dili la timu tatu, akacheza michezo 20 tu msimu wake wa kwanza kwa sababu ya majeraha. Februari 2025 Memphis walimpeleka Washington Wizards na kuambatanisha chaguo la raundi ya kwanza ili wamchukue. Mfungaji aliyepoteza hatua moja hubaki na mtupo. Mkabaji aliyepoteza hatua hiyo hana cha kubaki nacho, na mshahara unaendelea.

Kuna timu zinazojibu hofu hii kwa kupitiliza: zinamweka benchi mkongwe mzima wa afya ili zipoteze zaidi. Machi 2025 ligi iliwatoza Utah dola 100,000 kwa namna walivyomtumia Lauri Markkanen. Walimaliza mkiani kabisa, ushindi 17 na vipigo 65, kisha bahati nasibu ikawapa zamu ya tano, huku Dallas Mavericks, waliokuwa na uwezekano wa asilimia 1.8, wakichukua ya kwanza na Cooper Flagg. Kwa kanuni iliyoanza 2019 na kutumika mwaka huo wa 2025, timu tatu za chini zilikuwa na asilimia 14 ileile kila moja ya kupata namba moja. Wa mwisho alihakikishiwa tu kutoshuka chini ya namba 5, na wa tatu kutoka chini kutoshuka chini ya namba 7. Hizo nafasi mbili ndizo thamani yote ya kumkalisha mkongwe benchi mwezi Machi.